Jinsi Nilivyorudisha Ugumu wa Maisha Katika The Sims 4

Yeyote aliyecheza The Sims 4, mchezo wa kompyuta ambamo unaongoza maisha ya kila siku ya wahusika wa kubuni, kwa muda mrefu anajua kwamba huwa mgumu kwa saa chache za mwanzo tu. Mhusika akishajifunza kuchora au kutunza bustani, fedha huingia kwa kasi kuliko zinavyotoka; mahitaji yake sita, yaani njaa, haja, usingizi, usafi, burudani na maongezi, hutimizwa kwa kubofya mara chache; na bili zikifika hulipwa bila wasiwasi wowote. Mimi naupenda mchezo huu kwa dhati, na ndiyo maana sikuridhika kuuona ukigeuka kuwa kazi ya kupamba nyumba. Nilitaka familia ninayoiongoza iwe na kitu cha kupoteza.

Historia ya mfululizo wenyewe ndiyo iliyonipa mwelekeo. Will Wright, mbunifu wa The Sims ya kwanza iliyotoka mwaka 2000, alipoteza nyumba yake katika moto mkubwa ulioteketeza vilima vya Oakland, Marekani, mwaka 1991, na shughuli ya kuanza maisha upya, akinunua kimoja baada ya kingine, ilichangia kuzaliwa kwa wazo la mchezo. Katika toleo lile mahitaji yalikuwa manane, kazini hapakuwa na wikendi, na mtoto ambaye alama zake shuleni ziliporomoka alipelekwa shule ya kijeshi asirudi tena. Nilipotafakari hayo, niliona kwamba ugumu wa michezo ya maisha hauhitaji maadui wala wepesi wa vidole. Unahitaji uhaba wa fedha, wa muda, na wa nafasi ya kutengua uamuzi.

Nilianza na fedha kwa sababu ndizo rahisi kudhibiti. Mchezo humpa mhusika anayeanza peke yake simoleoni (fedha za mchezo) 20,000, kiasi kinachotosha kabisa kupata nyumba ndogo. Kati ya amri za siri ambazo mchezaji huziandika ili kubadili hali ya mchezo, ile ya motherlode, inayoongeza 50,000 kwa mkupuo, inajulikana na karibu kila mchezaji, lakini isiyotajwa sana ni amri ya money, ambayo ukiifuatisha na tarakimu huifanya akiba ya familia iwe kiasi hicho hicho, na kwa hiyo inaweza kupunguza vilevile. Niliitumia kumwachia mwanzilishi wa ukoo wangu kiwanja kitupu na fedha zisizotosha hata kuta nne. Kisha nikafuata utaratibu wa Legacy Challenge, uliobuniwa na wachezaji wenyewe, ambamo ukoo mmoja huendelezwa kwa vizazi kumi na mrithi mmoja hushika nyumba katika kila kizazi. Sharti langu la ziada lilikuwa kwamba kila mrithi akishika usukani, akiba inashushwa tena: nyumba na vilivyomo vinabaki, fedha zinaondoka. Bila sharti hilo, wajukuu huzaliwa matajiri na mchezo hukosa msisimko.

Majira ya baridi yaliongeza ugumu kuliko nilivyotarajia. Nyongeza ya Seasons ya mwaka 2018 huifanya mimea iliyo nje ilale nje ya msimu wake, na Cottage Living ya mwaka 2021 ilileta sharti la kiwanja linaloitwa Simple Living, ambalo humlazimu mhusika kuwa na viambato mkononi ndipo aweze kupika. Ukiyaunganisha mawili haya, vuli hugeuka kuwa kipindi cha kuhesabu akiba ya mazao, kwa kuwa kila kikapu kinachouzwa ili kulipa bili ni mlo utakaokosekana theluji ikianguka. Hapo ndipo niliposhika kalamu na kupanga, jambo ambalo mchezo huu haukuwahi kunidai kabla.

Hata hivyo, kilichouleta undani hasa ni kutojiruhusu kurudi nyuma. Niliweka hifadhi moja tu ya mchezo, yaani nakala moja ya mahali nilipofikia, na kila tukio likitokea, liwe zuri au baya, nilihifadhi papo hapo. Mwanzilishi wa ukoo alifariki kwa uzee wakati binti yake, mrithi, alikuwa ameajiriwa kama mchoraji. Kazi hiyo humtaka mfanyakazi aende akiwa na msukumo wa ubunifu. Yeye alikwenda akiwa na huzuni, utendaji wake ukadorora, na cheo alichokikaribia kikachelewa. Nyumbani alisimama mbele ya turubai akachora picha ya majonzi, aina ya picha ambayo mchezo humruhusu kuichora akiwa katika hali hiyo. Niliitundika sebuleni na kuwasha athari yake ya hisia, hivi kwamba kila aliyekaa karibu nayo aliguswa na huzuni ile, wakiwemo wajukuu ambao hawakumfahamu marehemu. Kwangu mimi huo ni utajiri ambao vikwazo vya fedha peke yake visingeweza kuuzalisha.

Lipo eneo moja ambalo mfumo wenyewe unahitaji kusaidiwa. Hisia yenye nguvu zaidi ndiyo hutawala, kwa hiyo mchezaji anayetaka anaweza kuifunika huzuni ya msiba kwa kurundika vichochezi vingine, kama vile kuoga kwa tafakuri ambako humpa mhusika msukumo wa ubunifu. Mfiwa katika ukoo wangu haruhusiwi vichochezi hivyo mpaka huzuni iishe yenyewe. Kuhusu urefu wa maisha, nimebaki na ule wa kawaida: ule mfupi hauachi nafasi ya uhusiano kukua, na ule mrefu hurudisha wingi wa muda ambao nilikuwa nimeuondoa kwa makusudi.

Sharti ninalolijaribu sasa ni kumwongoza mrithi peke yake na kuwaacha wengine wote nyumbani wajiamulie kwa tabia zao. Ndugu yake mvivu haendi bustanini kwa amri yangu tena, na ikiwa mavuno ya vuli yatapungua kwa sababu hiyo, mrithi atalazimika kuchagua kati ya kuacha kazi ili alime na kununua viambato kwa akiba ambayo tayari ni ndogo.