Siku moja maishani mwangu: kope za kondoo, chupa tatu na hesabu ya mayai

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia, ni yule mzee wa upande wa huko ndani ambaye leo nilikuwa niende kwake hata hivyo. "Daktari, mmoja ameanguka." Mimi si daktari jamani, nina cheti tu cha afya ya mifugo, lakini hapa Kajiado ukibeba sindano na gambuti wewe ni daktari, nilishachoka kurekebisha watu. Namwambia mzee usimtupe, usiwape mbwa, nakuja.

Chai haraka na mandazi ya jana, kisha pikipiki. Mvua ilinyesha vizuri wiki zilizopita, nyasi ni kijani kila mahali, ukiwa mgeni utasema hapa ni raha tupu. Mimi nikiona kijani hivi na umande asubuhi naona minyoo tu. Yai linatoka na mavi, kukiwa na joto na unyevu ndani ya kama wiki moja linakuwa kiluwiluwi kinachopanda jani pamoja na ule umande kingoje kondoo aje kula. Ndiyo maana kila mwaka simu zinaanza majuma machache baada ya mvua, si wakati wa ukame.

Saa moja na robo nafika. Aliyekufa ni jike chotara wa Dorper, ile mbegu ya kondoo wa nyama, mnono kabisa, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, wanadhani minyoo ni kondoo aliyekonda na kuhara. Huyu wa leo hakuhara hata. Ana uvimbe laini chini ya taya kama mfuko wa maji, na fizi nyeupe kama karatasi. Navaa glavu, namfungua, natafuta lile tumbo la nne na kulipasua polepole juu ya gunia. Mzee ameinama pembeni. Mwanzoni huoni kitu, ni kama uji wa nyasi tu, halafu ule uji unaanza kutembea. Nainua mmoja kwa ncha ya kisu, mwembamba kama uzi, urefu wa karibu sentimita mbili na kitu, mistari myekundu na myeupe imejisokota kama kamba. Nyekundu ni damu ya kondoo ndani ya utumbo wa mnyoo, nyeupe ni mfuko wake wa mayai. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na minyoo elfu moja inaweza kumaliza kama mililita 50 za damu kila siku. Mzee hakusema kitu muda mrefu. Kisha: "Na mimi niliwanywesha dawa wiki mbili zilizopita."

Hiyo ndiyo sababu nilikuwa niende kwake leo. Kabla hajawanywesha nilichukua mavi ya kondoo kumi, leo ni siku ya 14 narudi kuchukua tena ya wale wale nione mayai yamepungua kiasi gani.

Saa mbili mpaka saa tano ni kazi ya macho. Kondoo 86, vijana wawili wa kushika, na ile kadi yangu ya FAMACHA yenye rangi tano, ya kulinganisha na rangi ya ndani ya kope kuona damu imepungua kiasi gani, ilitengenezwa Afrika Kusini na jina lenyewe limetokana na daktari wa huko, Faffa Malan. Unasukuma jicho ndani kidogo kwa kope ya juu, unavuta ya chini, unaangalia ile nyama ya ndani upesi, na lazima iwe juani, usifanye ndani ya zizi giza ukajidanganya. Moja ni nyekundu safi, tano ni nyeupe ya kufa. Wakifika nne na tano nawapaka rangi mgongoni. Tukapata 17, na 15 kati yao ni Dorper na machotara. Kondoo wekundu wa Kimaasai wa mzee wengi ni moja na mbili, wanakula majani yale yale, na utafiti ulishaonyesha hapa hapa Kenya kwamba wao wanahimili huyu mnyoo kuliko Dorper. Lakini sokoni Dorper ana kilo, utamwambia nini mtu mwenye karo ya shule.

Saa tano, chai ya maziwa kwa yeyo, yaani mama wa boma, halafu naomba nione dawa. Mzee ananiletea chupa tatu, moja ya kijani, moja ya bluu, moja nyeupe, anasema kwa kujivunia kwamba yeye hubadilisha dawa kila msimu kama walivyomshauri. Nageuza lebo. Albendazole, albendazole, albendazole. Aki nilitamani kulia. Amebadilisha rangi ya chupa miaka mitatu. Na kipimo? Mililita 5 kila mmoja, mkubwa kwa mdogo. Dawa yenyewe ni ya asilimia 2.5, kondoo wa kilo 40 anahitaji 8. Hiyo ni kuifundisha minyoo kuogelea.

Basi tukatundika mzani kwenye mti, tukapima wale 17 mmoja mmoja, wakapewa levamisole, dawa ya minyoo ya kundi tofauti na albendazole, kwa uzito wao halisi, hii haitaki kubahatisha juu maana ukizidisha anaweza kutetemeka na kutoa povu. Kichwa usikiinue sana, bomba lipite pembeni ya mdomo mpaka nyuma ya ulimi, la sivyo dawa inaenda mapafuni.

Mzee akauliza, "na hawa wengine unawaacha na minyoo yao?" Ndio mzee, nawaacha. Mwaka jana mimi mwenyewe kwa kondoo wa mama yangu niliwanywesha wote nikawahamishia siku hiyo hiyo kwenye malisho yaliyopumzika, nikajiona fundi kweli, kumbe waliobaki tumboni ni wale sugu tu na ndio waliopanda mbegu yao kwenye majani safi. Msimu uliofuata dawa ile ile ilikuwa kama maji. Kondoo mwenye jicho jekundu acha atoe mayai ya minyoo ya kawaida, ichanganyike na ile sugu.

Saa tisa niko chumbani kwangu mjini, mlango wazi kwa sababu ya harufu, sitaeleza zaidi. Gramu 4 za mavi, maji ya chumvi, chujio la chai (ndio, nina la pili la chai), naingiza kwenye kile kioo cha kuhesabia, mayai yanaelea juu, nahesabu vyumba viwili vya hicho kioo na kuzidisha kwa 50. Wa kwanza mayai 58, sawa na 2,900 kwa gramu. Mgongo unauma. Mpaka saa kumi na mbili nimemaliza kumi, wastani 1,450. Kabla ya dawa ulikuwa 2,600. Imepungua asilimia 44, na ilitakiwa kupita 95. Je, ni usugu au ni zile mililita 5? Bado sijui, lazima turudie tukiwa tumepima uzito, ndipo tuilaumu dawa.

Saa tatu usiku, nikiwa nakula, picha inaingia WhatsApp kutoka kwa mzee. Kidole gumba kikubwa, kope imevutwa, mwanga wa flashi umefanya kila kitu kiwe cheupe. "Daktari hii ni namba ngapi?"

Nikamjibu mzee, muache alale, tumwangalie jua likitoka.