Mzee wetu hakupata meseji, na kosa lilikuwa kwenye WHERE yangu

Mzee mmoja aliingia ofisini kwetu, chama cha akiba na mikopo hapa Arua, Uganda, asubuhi mapema, akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akaniuliza pole pole, "Mwanangu, kwani mimi si mwanachama tena?" Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa umepita Jumamosi, majirani zake wote walipata meseji ya mwaliko, yeye hakupata, na huyu ni mtu anayeweka akiba kwenye chama tangu enzi za madaftari, hata kompyuta moja hatukuwa nayo.

Orodha ya meseji niliitoa mimi. Mama meneja aliniambia nitume kwa wote isipokuwa waliofunga akaunti, basi nikaandika kwa SQL, lugha ya kuuliza databesi, ambamo WHERE ndiyo sehemu ya sharti:

SELECT jina, simu FROM wanachama
WHERE hali <> 'amefunga';

Isome tena, iko sawa kabisa, si ndiyo? Orodha ikatoka ndefu nikatuma. Kumbe wale wanachama wa zamani, tuliowatoa kwenye madaftari tukawaingiza Eksel halafu PostgreSQL (programu yetu ya databesi), kolamu yao ya hali haikuwahi kujazwa, ni NULL tupu. Na NULL si sifuri, si neno, maana yake ni "sijui". Ukiiuliza databesi kama hali ya huyu mtu ni tofauti na 'amefunga' inakujibu sijui, na WHERE inapitisha wale tu ambao jibu lao ni ndiyo, wa hapana na wa sijui wote wanaachwa nje pamoja, hakuna onyo wala maandishi mekundu.

Hiki ndo kinaniuma kuhusu kuondoa rekodi. Ukitafuta watu unawaangalia uliowapata, ukikosea unaona. Ukiondoa watu, nani anaenda kuangalia walioondolewa? Waliopotea kwetu ni wale wale walioanzisha chama.

Dawa yake ni fupi:

WHERE (hali <> 'amefunga' OR hali IS NULL)

Kwenye PostgreSQL unaweza kuandika hali IS DISTINCT FROM 'amefunga' ukamaliza, mi naipenda hiyo kwa sababu inaichukulia NULL kama kitu cha kulinganishwa kama vingine. Lakini ukitumia ile ya OR usiache mabano, tafadhali. AND inashika kabla ya OR, kwa hiyo ukiondoa mabano halafu ukaongeza AND wilaya = 'Koboko' mwishoni, sharti la Koboko linawashika wenye NULL peke yao, na hao wengine wanakuja kutoka wilaya zote.

Sasa, siku chache baadaye nikakutana na ndugu mkubwa wa kosa hili. Mama meneja alitaka wanachama ambao hawajawahi kukopa, ili wapigiwe simu waelezwe mikopo ya msimu wa kupanda:

SELECT jina, simu FROM wanachama
WHERE id NOT IN (SELECT mwanachama_id FROM mikopo);

Jibu: mistari sifuri. Mi mwenyewe ni mwanachama na sijawahi kukopa hata shilingi, na simo! Nikahesabu jedwali la mikopo mstari kwa mstari mpaka nikaukuta mkopo mmoja, mmoja tu, wa kikundi cha akina mama wa sokoni, ambao haukuwa wa mtu binafsi hivyo mwanachama_id yake ni NULL.

Fikiria askari wa geti amepewa karatasi ya watu wasioruhusiwa kuingia, na jina moja limelowa maji halisomeki. Aliyeandikwa vizuri anamkataa mara moja. Wewe ambaye humo anakutazama, anatazama lile doa la wino, hawezi kuapa kwamba si wewe, na amri aliyopewa ni kupitisha mtu akiwa na uhakika tu. Basi hapiti mtu. Ndivyo NOT IN inavyofanya, maana id NOT IN (3, 8, NULL) ni sawa na kusema id si 3 na id si 8 na id si sijui, na hiyo ya mwisho haiwezi kuwa ndiyo kwa yeyote. IN ya kawaida haikusumbui hivi, ikiona 3 inakupa 3, ndo maana watu wanaizoea halafu wanaongeza NOT mbele bila wasiwasi.

Siku hizi naandika hivi:

SELECT w.jina, w.simu FROM wanachama w
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM mikopo m
  WHERE m.mwanachama_id = w.id);

Hapa swali ni kama kuna mstari wa mkopo unaolingana na huyu mtu, upo au haupo, ule wa NULL haulingani na yeyote basi haumdhuru yeyote. Kuna wanaopendelea LEFT JOIN, inayomuunganisha kila mwanachama na mikopo yake na asiye na mkopo anawekewa NULL, halafu WHERE m.id IS NULL, nayo inafanya kazi, ila ukitaka mikopo ya mwaka huu tu hilo sharti la tarehe liweke kwenye ON, yaani sharti la kuunganisha. Ukiliweka kwenye WHERE wale wasiokopa wote wanapotea, kwa sababu tarehe yao nayo ni NULL, na hao ndo uliokuwa unawatafuta.

Nikiangalia matukio haya mawili naona NULL zetu hazikuwa kitu kimoja. Ya mzee ilimaanisha haijulikani, ya kikundi ilimaanisha haihusiki. Edgar Codd, yule wa IBM aliyeleta wazo la majedwali haya mwaka 1970, kwenye kitabu chake cha 1990 alitaka ziwe alama mbili tofauti, moja ya kisichojulikana na moja ya kisichohusika. SQL imebaki na moja tu, kwa hiyo kuzitenganisha ni kazi yako wewe unayeijua ofisi yako.

Kabla sijatuma meseji yoyote sasa nahesabu mara tatu: wote, waliobaki kwa sharti langu, na walioondoka kwa kinyume chake, yaani hali = 'amefunga'. Mbili za mwisho zikijumlishwa zisipofika ile ya kwanza, kuna watu wa NULL wamejificha katikati. Ni dakika mbili tu, na siku ile zingemfichua mzee wetu.

Nilimuomba msamaha nikamfungulia rekodi yake kwenye skrini, nikamuuliza yale ya hali nikajaza mbele yake. Nilitaka niweke NOT NULL, sharti la kukataza nafasi tupu, kwenye hiyo kolamu siku ile ile, lakini PostgreSQL inakataa mpaka kila mstari ujazwe, na sikutaka kuwaandikia wote 'hai' kwa kubahatisha wakati wengine huenda walishahama au wamefariki. Kwa hiyo napiga simu, daftari kwa daftari, jioni baada ya kazi. Limebaki moja, la upande wa Nebbi.