Samaki wa Kwenye Gamba

Kitabu chetu cha picha cha watoto tulikitengenezea Ujiji, juu ya mkeka, likizo ya mwezi wa sita, mimi na dada mmoja aliyekuwa akifundisha chekechea. Darasani kwake alikuwepo mtoto aliyeletwa kwa treni kutoka Tabora kukaa na shangazi yake, hachezi na mtu. Dada akataka hadithi ya rafiki na nyumba, ila akakataa katakata isiwe ya mtoto mgeni. "Atajijua ni yeye, aone haya. Tafuta mnyama."

Mnyama tulikuwa naye ziwani. Tanganyika ina samaki wadogo, wengine hawazidi urefu wa kidole, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Huchimba mchanga pembeni mwa gamba mpaka lizame, ubaki mdomo wake tu. Hatari ikija, wanazama ndani. Kwa mchoraji hapo kazi imepungua nusu: mlango upo, chumba kipo.

Vitabu vya kiwandani mara nyingi huwa na kurasa 32, maana karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Sisi tulikunja A4 nne kwa pamoja, tukapata 16. Hapa ndipo wengi huvurugikiwa: karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 1, 2, 15 na 16, kwa hiyo namba huandikwa kwa penseli kitabu kikiwa kimekunjwa, ndipo karatasi zitenganishwe na kuchorwa. Tulitumia penseli za rangi. Maka peni huvuja upande wa pili. Na sura ya samaki isikae kwenye mkunjo, itamezwa. Dada aliisogeza sentimita 2.

Kwenye maneno alikuwa mkali kuliko mhariri yeyote ninayemjua. Sentensi mbili kwa ukurasa, basi. Palipoandikwa "samaki alifurahi" akapiga mstari: "Si anacheka hapo kwenye picha?" Swali likae ukurasa wa kulia, jibu nyuma yake, ili mtoto afunue mwenyewe. Samaki anabisha hodi gamba la kwanza, unafunua, kaa anachungulia: "Pamejaa!" La pili limepasuka. La tatu lina samaki mwenzake, naye anamsaidia kuchimbia gamba la jirani.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, tukashona pamoja na jalada la manila. Matundu matatu kwenye mkunjo, uzi wa sentimita 60 kwa mkunjo wa sentimita 21. Sindano huanzia ndani, tundu la kati, ikatoka nje. Inaingia la juu, inavuka kwa ndani hadi la chini, inatoka, inarudi la kati, fundo linafungwa juu ya ule uzi mrefu. Kingo hukatwa kwa wembe na rula baada ya kushona, kwa sababu karatasi za ndani husogea nje kidogo.

Shule zilipofunguliwa dada akawasomea. Mtoto wa mvuvi mmoja akadakia: "Na kaa, rafiki yake nani?" Hatukuwa na jibu, ila ukurasa wa 16 ulikuwa mtupu. Dada akaufunua mbele yao, na yule wa Tabora akaomba penseli nyekundu.