Italiki nene yenye serifu: "n" imekubali hatimaye

Imekubali! Nachora fonti ya italiki nene yenye serifu, yaani herufi nzito zilizolala, zenye vijimkia kwenye miisho ya mistari. Kwa pointi 9, kwenye karatasi ya kawaida, tao la "n" linaonekana likichomoza kutoka kwenye nguzo (mstari wake wa kusimama), na uwazi wa ndani haujazibwa na wino. Mliowahi kuchora italiki nene mnajua hapo ndipo kazi inapokwama. Italiki inataka tao lianzie chini, karibu na mguu wa nguzo, lipande mshazari kama mwandiko wa kalamu. Unene nao unataka kuijaza pembe hiyo hiyo. Ukiongeza wino kidogo tu, "n", "m", "h" na "u" zote zinageuka madoa.

Nguzo zangu zina unene wa yuniti 148 katika mraba wa yuniti 1000 ambao herufi huchorwa ndani yake. Kuzipanua herufi hakukusaidia kitu: neno "mwananchi" lilirefuka, madoa yakabaki palepale. Dawa ilikuwa kulikondesha tao pale linapoachana na nguzo, hadi yuniti 38, kisha kuchonga kabari nyembamba inayopenya ndani kabisa ya pembe. Ukiikuza kwenye skrini kabari hiyo ni kali mno, hata inaudhi. Ikichapwa ndogo, wino unasambaa na kuijaza kiasi, na tao linakaa sawasawa. Nimefurahi kupita kiasi.

Na jamani, kitufe cha kulaza hakitengenezi italiki. Chukua "o" nene uilaze digrii 13: unene unarundikana juu kulia na chini kushoto, unapungua pande mbili zilizobaki, na nukta zinazoshikilia mkunjo, zilizokuwa kwenye ncha zake za pembeni, zinahama. FontForge, programu ya kuchora fonti, itakuwekea nukta mpya za ncha kwa amri moja, ila unene utaurekebisha kwa mkono. Naipenda programu hiyo pamoja na sura yake ya kizamani, kwa sababu inaniachia kila nukta niishike mwenyewe. Zile zinazosawazisha mikunjo zenyewe hunipa herufi laini zisizo na tabia.

Na tabia ndiyo ninayoitafuta. Italiki ambayo Francesco Griffo alimchongea mchapishaji Aldus Manutius kule Venice, iliyochapa vitabu vizima kuanzia 1501, ilikuwa nyepesi, ya kusomwa ukurasa hadi ukurasa, na herufi zake kubwa zilisimama wima. Hii nene inapaza sauti huku ikikimbia. Ipe kichwa cha habari, jalada, au neno moja la kusisitiza ndani ya maandishi ambayo tayari ni mazito, utaiona inavyong'ara. Ukiipa aya nzima, msomaji anachoka kabla ya mstari wa tano.

Nilipanga sasa niingie kwenye tarakimu, kisha nafasi baina ya herufi, maana sikio la "g" (kile kijimkia cha juu kulia) linagonga ritifaa katika "ng'ombe". Lakini "k" imeniteka. Kiswahili kimejaa "k", na yangu ina mkono mkavu ulionyooka. Nimejaribu kuupinda uwe kitanzi kinachorudi kwenye nguzo, na mguu wake uteleze chini ya herufi inayofuata. Ni nzuri ajabu, ila mguu unaigusa "a", kwa hiyo "ka" inahitaji umbo lake la pamoja. Nimeshaanza kulichora; tarakimu zitasubiri.