Siku mbili Dar, na jina la kituo

Nimerudi Dodoma jana usiku, miguu bado inauma na begi sijalifungua, ila naandika leo leo kwa sababu najua nikingoja wiki ijayo nitakuwa nimeshasahau nusu ya vitu na kilichobaki nitakuwa nimekipamba.

Ndiyo, ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Dar. Umri huu. Watu wa kwetu wengi wameenda na kurudi, wengine wamehamia huko kabisa, mi kila nikipanga linatokea jambo, mara ada ya mdogo wangu, mara msiba, na zamani kulikuwa na lile basi la kutwa nzima, unaondoka alfajiri unafika umekaukiwa. Sasa treni ya umeme imeanza tangu 2024, nimekata tiketi ya daraja la kawaida, nimekaa dirishani, na chini ya saa nne nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimejiandaa kulala njiani nikashindwa, maana unatoka kwenye ukame wetu huu na mibuyu yake, ukikaa kidogo tu uko Morogoro milima ya Uluguru imejaa mawingu kila kitu kijani, ukikaa tena kidogo hewa inabadilika. Kushuka tu stesheni nguo zimenigandia mgongoni. Joto la Dodoma linakuchoma ngozi ila jasho linakauka, hili la Dar jasho linakaa na wewe mpaka kitandani.

Mamdogo anakaa Kimara. Alitaka mwanae aje na gari anizungushe, nikamwambia mamdogo nashukuru sana ila niache nizunguke mwenyewe na magari ya watu, akaguna, akasema haya mwanangu, simu shika mkononi kwa nguvu na pesa usiweke mfuko wa nyuma. Jumamosi asubuhi akanisindikiza mpaka kituoni Kimara, akaniacha na mwendokasi.

Hapo ndo safari yangu ilipoanzia kweli, kwenye majina ya vituo.

Yaani hakuna aliyeniambia kwamba kitu kizuri kuliko vyote kwenye kuingia mjini ni kusikiliza vituo. Korogwe. Bucha. Baruti. Kona. Kibo. Ubungo Maji. Shekilango. Urafiki. Manzese. Argentina. Kagera. Mwembechai. Usalama. Magomeni Mapipa. Jangwani. Fire. Nilikuwa nayaandika kwenye simu kila tunaposimama, mama mmoja aliyebanana na mimi pale mlangoni akaona, akaniuliza dada wewe mwandishi wa habari? Nikamwambia hapana mama, mgeni tu. Basi akageuka mwalimu wangu mpaka Fire aliposhuka. Akanionyesha Urafiki, akasema pale ni kile kiwanda cha nguo Wachina walitusaidia kujenga enzi za Mwalimu (kilifunguliwa 1968), kitenge cha Urafiki ulikuwa ukikifua mpaka unachoka wewe chenyewe kipo. Shekilango akasema ni waziri wa zamani, alikufa kwa ajali ya ndege. Jangwani akanionyesha bonde la mto Msimbazi, akasema hapa mvua ikinyesha kubwa barabara inafungwa, mji unakatika vipande viwili, na ukiangalia kweli ni bonde, pana, na mji umekaa juu pande zote mbili.

Nikawaza jinsi mji unavyotunza kumbukumbu zake kwenye midomo ya makonda. Mti unaweza kuwa ulishakatwa na kiwanda kimefungwa, mtu bado anasema nishushe hapo, na jina linaendelea kuishi.

Kariakoo sikuwa na mpango wa kukaa sana, nilitaka kanga za bibi tu. Nimeshuka Msimbazi nikaingia kwenye ule umati, na niseme ukweli nilipata hofu kwa dakika kama kumi hivi, watu, mikokoteni, "pisha pisha mzigo huo", vijana wanne wananiita kwa wakati mmoja, wote wananiita anti. Nikajibanza kwa mzee mmoja muuza kahawa, pembeni ya duka la vitambaa, ana birika lake la shaba juu ya makaa na vile vikombe vidogo kwenye ndoo. Nikanunua kahawa na kashata mbili. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natokea wapi, nikasema Dodoma. Akasema ah, wajukuu wa wapagazi.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza babu umesemaje, akaniambia wewe hujui hapa umesimama wapi? Kariakoo hiyo ni Kizungu kimevunjika. Keria Ko. Waingereza walipoingia Dar mwaka 1916, kwenye vita ya kwanza ya dunia, walimtoa Mjerumani na wakaweka kambi ya wapagazi hapahapa, watu waliokusanywa bara wabebe mizigo ya jeshi, risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Kikosi chenyewe kiliitwa Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza, likabaki. Soko lilikuja baadaye. Alisema yote hayo huku anamimina, bila kuniangalia, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Alafu akahudumia mteja mwingine.

Mi nikabaki na kikombe mkononi. Kwa sababu hiyo habari nilikuwa naijua, ila kutoka upande mwingine.

Bibi yangu anayo hadithi moja ambayo anaisimulia kila mwaka mvua zikichelewa. Mtunya. Wagogo wanaosoma hapa mnajua, ni ile njaa kubwa ya mwisho wa hiyo vita, kuanzia 1917 hivi, bibi mwenyewe hakuwepo, alisimuliwa na baba yake aliyekuwa mtoto. Majeshi yalipita, ya Mjerumani kwanza, ya Mwingereza baadaye, wakachukua ng'ombe, wakachukua mtama na uwele ulioko ghalani, na wakachukua wanaume wenye nguvu wakabebe mizigo. Mvua ikakata. Wa kulima hakuna na wa kuuza ng'ombe hana ng'ombe. Na katika waliochukuliwa alikuwepo kaka mkubwa wa baba yake bibi. Hakurudi. Bibi akifika hapo huwa anasema tu "alichukuliwa" alafu anaendelea na mengine, na sisi hatukuwahi kuuliza alichukuliwa akapelekwa wapi. Kwangu "alichukuliwa" ilikuwa ni mwisho wa sentensi.

Sasa siwezi kusema alifika pale. Wapagazi walipelekwa kila upande, wengi walikufa njiani kwa kuhara na malaria na njaa kuliko waliokufa kwa risasi, anaweza kuwa alilala mahali porini huko Rufiji. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye neno ambalo linawahusu watu kama yeye, na nimelisema tangu utotoni, Kariakoo Kariakoo, nikidhani ni jina tu la mahali pa nguo za bei rahisi.

Kanga nimenunua, nilichagua haraka haraka. Nimelipita na lile jengo la soko lililoungua Julai 2021, lile la miaka ya sabini lenye mapaa ya zege kama miavuli. Siku nyingine ningekaa nalo zaidi.

Nikapanda gari la Posta. Nilikuwa na ratiba nimeiandika tangu Dodoma, makumbusho ya taifa, kanisa la Azania Front, soko la samaki Feri, na Sanamu ya Askari nilikuwa nimeiweka mwisho kwa ajili ya kupiga picha tu. Nikaifanya ya kwanza. Niliulizia njia mara tatu, mara ya pili nilielekezwa nikatokea kabisa upande wa baharini, nikarudi na jua la saa saba kichwani.

Ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Iko katikati ya makutano Samora, magari yanaizunguka, askari wa shaba ameinama kidogo mbele, bunduki na singe yake imeelekea bandarini. Ipo pale tangu 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaiondoa. Nilisubiri magari yapungue nikavuka nikaenda kusoma maandishi, maana kwenye picha za mtandaoni hayasomeki. Yapo Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Kiswahili cha herufi zetu hizi, na Kiingereza. Yanasema ni ukumbusho wa askari wenyeji waliopigana, na wa wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi wametajwa. Nilifurahi, nisidanganye, koo lilinikaba. Alafu mstari wa mwisho unasema ukiipigania nchi yako hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Nikazunguka pande zote nne. Jina hakuna hata moja.

Watu wamekaa pale wanasubiri watu wao, kijana anauza chaja, wengine wanapiga picha kama mimi nilivyopanga kupiga. Mi picha yangu moja ni ya yale maneno tu, imetoka na kivuli cha kichwa changu.

Makumbusho ya taifa nimeingia, nimeona fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, nimeona magari ya Mwalimu, pazuri, penye kivuli, kwenda pekee yako ni vizuri zaidi maana hukimbizwi. Azania Front niliiangalia kwa nje. Jioni nikaenda Feri nikapanda pantoni ya Kigamboni, nauli mia mbili, na ukinilazimisha nichague kitu kimoja tu Dar cha kumpeleka mgeni nitampeleka pale. Mnasubiri nyuma ya geti, mamia ya watu, wakifungua kila mtu anatembea haraka kama kuna kitu kinagawiwa, bajaji, pikipiki, mama na beseni la samaki, mtu na godoro. Nikasimama ukingoni. Bahari nilikuwa sijawahi kuigusa, na sikuigusa pale pia, ila upepo ulinipiga usoni nikalamba midomo ikawa na chumvi. Dakika chache tu mmevuka. Sikushuka hata kwenda popote, nilizunguka geti nikalipa tena mia mbili nikarudi, kisha nikafanya hivyo tena mara ya pili, mpaka taa za mjini zikawaka zote na maghorofa yakaonekana mpaka ndani ya maji.

Jumapili muda ulikuwa mfupi, treni ya jioni. Nikaenda Kijiji cha Makumbusho, pale kituo cha Makumbusho penyewe, kuna nyumba za makabila mbalimbali wamezijenga kama zilivyokuwa, na tembe la Wagogo lipo. Nikainama nikaingia. Giza lile la ndani, baridi ile, harufu ya udongo, nikakaa chini kwenye sakafu na nikampigia bibi simu humohumo ndani.

Nikamwambia nimekaa kwenye tembe bibi, Dar. Akacheka sana. Nikamuuliza, yule kaka yake baba yako, aliyechukuliwa wakati wa Mtunya, alikuwa anaitwa nani?

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema mjukuu wangu mbona hilo hujawahi kuniuliza. Akasema yeye alikuwa anasikia wakimwita kwa jina la utani tu, la kuzaliwa amelisahau, ila kuna mzee amebaki Mvumi, mtoto wa shangazi yake, masikio hayasikii vizuri lakini kichwa bado kizima, huyo atakuwa analijua. Akasema niende na sukari, na nisichelewe.

Naenda Jumamosi hii.