Ruaha bila papara: nilivyowaona tembo wakichimba maji

Sisi wa Iringa mjini tuna tabia ya kuidharau Ruaha, hifadhi ya taifa iliyo jirani yetu. "Utaona mibuyu na vumbi tu, mnyama nenda Mikumi," niliambiwa miaka yote, tena na watu wasiowahi kukanyaga Msembe, makao makuu ya hifadhi. Mikumi wanyama unawaona hata dirishani mwa basi la Dar. Ruaha lazima uifuate, kama kilomita 130 za barabara ya kutikisa mbavu.

Ushauri ulioniudhi zaidi ni wa kupanda basi mpaka kijiji cha Tungamalenga karibu na hifadhi, eti lifti ya kuingia hifadhini haikosekani. Nikaenda, nikalala gesti, alfajiri nikasimama barabarani na kikapu changu cha chapati. Magari yakapita moja baada ya jingine, yote ya wageni waliokwisha kulipia viti vyao. Nani asimame? Na hifadhini huruhusiwi kujitembelea kwa miguu. Jua lilipokuwa kali nikapanda basi la kurudi mjini, chapati nikawagawia abiria.

Kilichowezekana ni kuchanga. Majirani na wenzangu wa kazini tulijaza Land Cruiser moja, kila mtu akatoa laki na ushee, mafuta humo humo. Kiingilio cha Mtanzania hakiumizi, mradi ubebe kitambulisho cha taifa. Gari ndilo linalokula hela. Nguo nyeusi na za bluu niliwakataza, maana mbung'o wanazipenda mno.

Shemeji yangu wa Idodi alikuwa amenieleza: kiangazi usihangaike kutafuta mnyama, tafuta maji. Tulipofika ukingo wa Ruaha Mkuu, mto ulikuwa mchanga mtupu. Dereva akataka tuondoke.

"Mama, simba wako kule mbele, tutawakosa."

"Mwanangu, zima gari tukae."

Tukakaa mpaka wenzangu wakaanza kuguna. Ndipo tembo wakateremka. Jike mkubwa alikwangua mchanga kwa mguu wa mbele, akauchota kwa mkonga na kuutupa pembeni, shimo likazidi kwenda chini mpaka mkonga ukazama karibu wote. Akatulia, maji yajikusanye. Ya kwanza, ya tope, akayamwaga, yaliyofuata akanywa. Mtoto wake alikuwa akisukumasukuma kichwa shimoni, mkonga haufiki, mama akampisha kidogo. Nyuma yao nyani na swala pala walisubiri zamu, na tembo walipoondoka, wakayavamia mashimo yale yale. Tandala dume mwenye pembe za kujisokota alikuja mwisho. Dereva mwenyewe alitoa simu akapiga picha.

Mto huu haukuwa hivi. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, kwa sehemu kubwa kwa sababu maji yanachepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga huko juu Usangu. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na hifadhi ili chanzo kilindwe. Wali wa Mbarali, huko huko Usangu, nami naupenda, lakini wakulima wapewe mifereji isiyovujisha maji, mto ubakiwe na chake.

Mnaotaka kwenda, nendeni kati ya Juni na Oktoba. Masika majani ni marefu, maji yapo kila mahali, na wanyama wametawanyika. Chakula bebeni nyumbani, bei za kambi za humo ndani si zetu. Sisi tunachanga tena kwa ajili ya Septemba, safari hii tulale Msembe tupate na siku ya kumtafuta palahala, yule swala mkubwa mweusi, kwenye misitu ya miombo.