Kijijini Uingereza kodi ni nafuu, ila gari linamaliza mshahara

Wengi wanaoniuliza siku hizi kuhusu kuhamia huku mashambani ni wenzetu ambao tayari wako Uingereza, London au Birmingham, wanafanya kazi ya kuhudumia wazee na wanatafuta mwajiri mwingine. Kwa aliye nyumbani Afrika Mashariki njia hiyo ilifungwa 22 Julai 2025, serikali iliposimamisha kuajiri wahudumu moja kwa moja kutoka nje. Swali lao ni lile lile: huko kodi ya nyumba ni ndogo, si nitaweka akiba?

Kodi ni ndogo kweli. Hapa Norfolk, mashariki mwa England, pesa inayokupatia chumba cha kuchangia bafu London inakaribia kukupatia nyumba ndogo nzima. Lakini ukiishia kwenye kodi, hesabu bado hujaianza.

Anza na gari. Mjini gari ni hiari, huku ni sehemu ya ajira. Basi lenyewe si ghali, maana tangu Januari 2025 nauli ya safari moja England imewekewa kikomo cha pauni 3 kwenye mabasi mengi. Tatizo ni kwamba halipo unapolihitaji. Mteja wa kwanza anataka kuamshwa, kuoshwa na kupewa dawa alfajiri, wa mwisho analazwa usiku, na kati yao kuna vijiji ambavyo Jumapili havioni basi kabisa. Tangazo la kazi likisema "lazima uwe na gari", maana yake ni kwamba gari, bima, matairi na matengenezo ni juu yako.

Leseni nayo ina habari zake. Ya Kenya, Tanzania au Uganda unaitumia miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa, na haibadilishwi moja kwa moja kama ya Zimbabwe au Afrika Kusini. Unaanza upya: leseni ya anayejifunza udereva, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, ambao foleni yake ni ya miezi. Ada za mitihani si kubwa sana. Kinachoumiza ni masomo ya udereva yanayolipwa kwa saa, na zaidi ya yote bima. Umeendesha Nairobi hadi Mombasa miaka kumi bila kukwaruza mtu? Kampuni nyingi hazikuhesabii. Unakadiriwa kama dereva mgeni, na mwaka wa kwanza bima inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe kuukuu. Kwa hiyo mtu asihamie huku mwezi wa kumi na moja wa leseni yake. Ajisajili kwa mtihani akiwa bado mjini, anakoweza kwenda kazini kwa basi.

Kitu cha pili ni joto. Nyumba nyingi za mashambani hazina bomba la gesi. Nje kuna tangi la plastiki la kijani, ndani yake mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, na boila inayoyachoma ili upate maji ya moto na vyumba vipate joto. Kikomo cha bei kinachowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, ni cha umeme na gesi ya bomba, mafuta haya hayamo. Yakipanda, yamepanda. Na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500, kwa hiyo mwenzako wa mjini analipa kidogo kidogo kila mwezi, wewe unatoa mamia ya pauni kwa siku moja, mara nyingi katikati ya baridi. Mimi husoma kipimo cha tangi kila Jumamosi, kwa sababu likikauka kabisa taka za chini huvutwa kwenye bomba, hewa inaingia, boila inagoma, na hapo unalipa mafuta pamoja na fundi. Kinachosaidia ni kuuliza majirani. Vijiji vingi vina kikundi kinachoagiza mafuta kwa pamoja ili kupata bei nzuri, ni kama chama chetu cha kununua kwa jumla, na mgeni anakaribishwa.

Kodi ya halmashauri (council tax) italipwa popote, sitakawia hapo. Niseme moja tu: ukiishi peke yako omba punguzo la asilimia 25. Hili halihesabiwi kuwa msaada wa umma unaokatazwa kwenye viza. Ni punguzo la kipato kidogo ndilo lililokatazwa, na watu wengi huyachanganya wakaacha haki yao.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza wanalipaje muda wa barabarani. Safari ya kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini cha mshahara. Ya kutoka kwako hadi kwa mteja wa kwanza haimo. Wapo waajiri wanaolipa dakika za ndani ya nyumba ya mteja peke yake, na kijijini, ambako nyumba moja na nyingine zimeachana maili nane, hapo ndipo jasho la watu linapoibwa. Linanikasirisha, na sitaacha kulisema.

Uliza pia posho ya maili. Mwajiri anaruhusiwa kukulipa hadi peni 45 kwa maili bila kodi, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka. Akikupa peni 25, ile tofauti ya peni 20 unaombea nafuu ya kodi HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Kwa maili 8,000 tofauti ni pauni 1,600, na anayekatwa kodi ya mapato ya asilimia 20 anarudishiwa pauni 320. Unaweza kurudi nyuma hadi miaka minne ya kodi, mradi una kumbukumbu: tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, maili ngapi. Daftari dogo kwenye kiti cha pembeni linatosha, ujaze kabla ya kuwasha gari.